Chaza wa Mtaa wa Spring na Mtu wa Broad Street

Nikiingia mgahawa unaouza chaza, kabla sijauliza meza, namtafuta kwanza mfungua chaza. Nataka nimwone amesimama nyuma ya barafu, kisu kifupi mkononi, kitambaa kinene kimezungushwa kwenye kiganja cha pili. Nataka nione chaza wamelazwa gamba lililobonyea kama bakuli likiwa chini na lile bapa likiwa juu, ili maji yao ya chumvi yasimwagike. Nikimkuta mtu wa namna hiyo, naketi na kuagiza kwa moyo mkunjufu. Nikikuta chaza waliofunguliwa mapema wamewekwa pembeni kungojea wateja, naagiza samaki.

Balthazar, mgahawa ulio namba 80 Mtaa wa Spring, SoHo, katika sehemu ya chini ya Manhattan jijini New York, haijawahi kunifanya niagize samaki. Keith McNally, Mwingereza mzaliwa wa London, aliifungua mwaka 1997 ndani ya jengo lililokuwa la biashara ya ngozi, na alichokitaka ni braseri, mgahawa mkubwa wa Kifaransa wa mtindo wa Paris. Akaipata: viti virefu vya ngozi nyekundu vilivyoegemea ukuta, vioo vikubwa vilivyofanywa vionekane vimechakaa kwa umri, sakafu ya vigae, kaunta ndefu ya vinywaji, chandarua chekundu juu ya mlango. Mkate unatoka duka lake la jirani. Sinia za vyakula vya baharini hupita juu ya vichwa vya watu zikiwa na ghorofa, chaza na kamba na kaa wamelazwa juu ya barafu iliyopondwa, na kila inapopita, meza tatu nzima hunyamaza kidogo kuitazama.

Watu wengi wakiona vioo na barafu hudhani braseri ni mahali pa wakubwa. Chimbuko lake ni bia. Bofinger, karibu na uwanja wa Bastille mjini Paris, ilifunguliwa mwaka 1864. Kisha Prussia ikaitwaa Alsace, jimbo la mashariki mwa Ufaransa, katika vita vya 1870 na 1871, na watu wengi wa jimbo lile wakahamia Paris na bia yao, soseji zao na kabichi yao iliyochachushwa. Léonard Lipp, mmoja wao, alifungua ya kwake Boulevard Saint-Germain mwaka 1880, na ipo mpaka leo. Braseri ilipika kutwa, haikufunga jiko kati ya mchana na usiku, na mtu aliyechelewa kazini alipata sahani ya moto. Treni nazo zikawaleta chaza kutoka pwani wakiwa hai, na mpaka leo braseri nyingi za Paris zina kibanda cha chaza nje, kando ya njia ya wapita kwa miguu. Wengi waliosimama kwenye vibanda hivyo walikuwa watu wa milima ya Savoie, walioshuka mjini majira ya baridi kutafuta kazi. Watu wa mlimani wakawa mabingwa wa kufungua kiumbe cha bahari. Nawastahi sana kwa hilo.

Kazi yenyewe inataka akili ya mkono kuliko nguvu. Ncha ya kisu inaingizwa kwenye bawaba, pale nyuma magamba mawili yanapokutana, kifundo cha mkono kinazungushwa kidogo mpaka gamba liachie, kisha kisu kinateleza chini ya gamba la juu na kuukata msuli. Hiyo ndiyo njia ya Wamarekani wengi. Wafaransa hupenda kuingilia ubavuni, karibu na msuli wenyewe, na mara nyingi humwacha chaza ameshikamana na gamba la chini ili mlaji amkate mwenyewe kwa uma mdogo. Ni njia ya kumthibitishia kwamba mnyama alikuwa mzima. New York msuli wa chini nao hukatwa, na chaza anakufikia yuko huru ndani ya maji yake. Kwa upande huu nakubaliana na Wafaransa. Ule mvutano mdogo wa uma unakufanya usikilize unachokula.

Pembeni huja siki iliyochanganywa na vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa na pilipili manga, na nusu ya limau. Marekani huongeza sosi nyekundu ya nyanya yenye mzizi mkali uliokunwa. Sosi hiyo ni nzuri kwa kamba. Kwa chaza inaua kila kitu. Mimi natia matone ya limau tu, na wa kwanza namla bila chochote. Na namtafuna. Anayemeza bila kutafuna amelipia maji ya chumvi akaacha utamu, maana utamu umo mwilini mwa chaza na hautoki mpaka meno yamguse.

Orodha ya chaza hubadilika kwa siku, na humo kuna jambo ninalotamani kila mlaji alifahamu. Blue Point kutoka Long Island, Wellfleet kutoka Cape Cod na Malpeque kutoka Prince Edward Island huko Kanada wana majina matatu na ladha tatu, lakini ni aina moja ya mnyama, *Crassostrea virginica*, mwenyeji wa pwani yote ya mashariki ya Amerika Kaskazini. Kinachowatofautisha ni maji: chumvi yake, baridi yake, vijimea vidogo vinavyoelea ndani yake, na mito inayoingia hapo. Wellfleet amekaa kwenye maji yenye chumvi nyingi, na ulimi unajua mara moja.

Ufaransa yenyewe imepoteza sehemu kubwa ya chaza wake wa asili. Yule wa kale wa Ulaya, bapa na mviringo, amekuwa adimu. Mwaka 1868 chaza wa Kireno walianza kuenea kwenye mlango wa mto Gironde na baadaye wakashika pwani, mpaka ugonjwa ulipowamaliza miaka ya 1970 ilipokuwa ikianza. Wafugaji wakawaleta chaza wa asili ya Japani, na hao ndio wanaojaza sinia za Paris leo. Hata wale maarufu wa Marennes-Oléron, wanaonenepeshwa kwenye mabwawa yaliyokuwa ya chumvi na kupata rangi ya kijani kutokana na kijimea chenye rangi ya buluu, kwa sehemu kubwa ni wa nasaba hiyo ya Japani. Basi katika ukumbi ule wa Mtaa wa Spring, ulioiga Paris toka vigae mpaka vioo, Blue Point aliye juu ya barafu ni mwenyeji kuliko kila kitu kingine kilichomo.

Mama mdogo alipokuja kutoka Mombasa kuwaona wanawe, nilimpeleka pale. Amekulia Mtongwe, na mikokoni hakuna asichokijua. Sinia lilipowekwa mezani aliinamisha kichwa akalitazama kwa muda.

"Hawa si chaza wa mikokoni, mwanangu?"

"Ni ndugu zao, Mama."

"Na wanaliwa wabichi?"

"Wabichi. Wako hai hivi sasa."

"Subhanallah." Kisha akauliza, "Wametoka maji gani?"

Nilifurahi mno. Hilo ndilo swali la kwanza la mjuzi wa chaza popote duniani, na yeye alilijua tangu utotoni. Kwao, maji yakipwa wakati wa bamvua, akina mama walishuka na ndoo na kipande cha chuma, wakawagonga chaza hapohapo kwenye mizizi ya mikoko, nyama ikaingia ndooni na gamba likabaki limeganda mtini. Walijua upande gani wa hori una maji mazuri na upande gani si wa kuguswa. Nyumbani waliwapika, kwa ndimu na pilipili au kwa tui. Halali yake haikumsumbua: Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, nayo imewapa nafasi pana sana katika viumbe wa baharini. Ubichi ndio uliomtia wasiwasi. Akachukua mmoja, akamkamulia limau mpaka nikamhurumia yule chaza, akamtafuna polepole.

"Huyu kanona," alisema.

Alikuwa amesema kweli. Ilikuwa majira ya mapukutiko, na katika maji ya baridi chaza hujiwekea akiba ya wanga mwilini kabla ya kipupwe, ndiyo maana anakuwa mtamu na mnene. Kiangazi huzaa, akakonda, akawa laini na wa maji maji. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya kale ya Wazungu ya kutokula chaza kuanzia Mei hadi Agosti, ingawa joto na ukosefu wa barafu vilichangia pia.

Tukiwa bado tunakula, Mama mdogo alinionyesha kwa kidevu yule kijana mfungua chaza nyuma ya barafu. "Na huyu anayewafungua, yeye anakula saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, lakini swali lile lilinipa nafasi ya kumsimulia habari za Thomas Downing, na ndilo jambo lililonifanya niandike makala hii.

Bandari ya New York ilikuwa nchi ya chaza. Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliwala kwa karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Ulaya kuonekana. Waholanzi walipofika, visiwa viwili ambavyo leo dunia inavijua kwa Sanamu ya Uhuru na kwa ukumbi wa wahamiaji wa Ellis waliviita visiwa vya chaza, kikubwa na kidogo. Katika karne ya 19 chaza waliuzwa barabarani kwa senti chache na wakaliwa na kila mtu, kuli na tajiri. Vilikuwapo vyumba vya chini ya ardhi vya kula chaza, vyenye taa nyekundu mlangoni, na vingi vilikuwa na sifa mbaya: ulevi, ugomvi, biashara za gizani.

Downing alizaliwa mwaka 1791 Chincoteague, Virginia, kwa wazazi waliokuwa watumwa kisha wakaachwa huru. Amekua kando ya maji, akivua na kuchota chaza. Alifika New York mwaka 1819, akaanza na mashua na reki ya kuvulia, na mwaka 1825 akafungua nyumba yake ya chaza namba 5 Broad Street, hatua chache kutoka Wall Street. Utumwa ulikuwa haujakomeshwa katika jimbo la New York. Ulikomeshwa tarehe 4 Julai 1827. Mtu mweusi alifungua mgahawa katikati ya mtaa wa mabenki wakati kulikuwa na watu weusi jimboni humo humo ambao bado walikuwa mali ya wengine.

Na mgahawa gani! Alitandika mazulia, akatundika mapazia ya kitambaa cha thamani, taa za vishada, vioo. Mwanamume aliweza kuingia na mkewe bila aibu. Wanabenki, wafanyabiashara na wanasiasa walikula kwake: chaza wabichi, chaza wa kuokwa, pai ya chaza, samaki wenye mchuzi wa chaza, bata mzinga aliyejazwa chaza. Husimuliwa kwamba usiku alipiga makasia hadi kwenye mashua za wavuvi zikiwa bado majini, akachagua walio bora kabla hawajafika gatini. Aliwapeleka pia ng'ambo ya Atlantiki, na husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimtumia saa ya dhahabu kumshukuru.

Chini ya vioo vile, katika ghala lake, yeye na mwanawe George walificha watu waliotoroka utumwa kusini wakielekea Kanada. Juu yao walikaa mabwana wenye biashara ya pamba, wakila. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado mwili hunisisimka. Mtu huyu alisimama kila siku baina ya sakafu mbili, na kosa moja lingeweza kumrudisha mtu minyororoni. Aliipigania pia haki ya watoto weusi kusoma na haki ya weusi kupiga kura. Sheria ya Haki za Kiraia iliyowatambua watu weusi waliozaliwa Marekani kuwa raia ilipitishwa tarehe 9 Aprili 1866. Downing alifariki siku iliyofuata. Siku ya mazishi yake Chama cha Wafanyabiashara cha New York kilifunga ofisi zake kwa heshima yake.

Hakuwa peke yake. Huko Staten Island, katika kijiji cha Sandy Ground, weusi huru walihamia kutoka Maryland katika karne hiyo ya 19, wakajenga nyumba, kanisa na maisha yao juu ya chaza.

Nikiwa Balthazar naviona vioo vile, na siwezi tena kuvifikiria kuwa vya Paris tu. Katika mji huu, umbali wa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Mtaa wa Spring, vioo, taa na chaza vilikutanishwa na mwana wa watumwa miongo kadhaa kabla ya Léonard Lipp kuonja bia yake ya kwanza Boulevard Saint-Germain. Inaniuma kwamba mtu anaweza kula chaza Manhattan maisha yake yote akajua jina la kila hori la Massachusetts, asilijue jina la Downing. Na inaniuma zaidi nikisikia ndugu zetu wakisema chaza ni mambo ya Wazungu.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. "Basi tumwombee," akasema, akachukua mwingine.

Kilichoiua neema ya bandari ni uchafu. Jiji lilimwaga maji taka na sumu za viwanda baharini, na chaza, ambaye huishi kwa kuyachuja maji, akakusanya kila kilichomwagwa. Hali ikiwa nzuri, chaza mmoja mkubwa huweza kuchuja lita 190 hivi kwa siku. Maji yakiwa safi, huo ni wema mkubwa. Yakiwa machafu, ni hatari kwa mlaji. Homa ya matumbo iliandama chaza wa New York, na mlipuko wa majira ya baridi ya 1924 na 1925 ulifika hadi Chicago na Washington. Kutokana nao ukaja utaratibu wa taifa wa kusimamia usafi wa chaza, na mwaka 1927 eneo la mwisho la kuvunia chaza katika bandari likafungwa. Mpaka leo kila gunia la chaza linaloingia mgahawani Marekani lina lebo inayotaja maji liliyotoka na tarehe ya kuvunwa, na mgahawa unalazimika kuitunza siku 90. Ukiuliza chaza wametoka wapi, humsumbui mhudumu. Jibu lipo kwa maandishi.

Maji yalianza kupona baada ya sheria ya maji safi ya mwaka 1972. Mwaka 2014 ulianzishwa mradi wa Billion Oyster Project, wenye lengo la kurudisha chaza bilioni moja bandarini kufikia 2035. Magamba hukusanywa kutoka migahawani, yakaachwa juani na mvuani katika Governors Island, kisiwa kilichomo bandarini humo, kwa muda mrefu mpaka yatakate, kisha vifaranga vya chaza vikapandwa juu yake, maana chaza mchanga anahitaji kitu kigumu cha kujishikiza na anachokipenda kuliko vyote ni gamba la mwenzake. Hawa si wa kuliwa. Kazi yao ni kuchuja maji, kuvunja nguvu ya mawimbi na kuwapa samaki makao. Akina mama wa Mtongwe, kwa kuacha gamba juu ya mzizi, walikuwa wakifanya kazi ileile.

Ukija New York na ukataka kwenda, nenda alasiri, kati ya chakula cha mchana na cha usiku, ukumbi ukiwa umepumua. Agiza chaza nusu dazeni wa mchanganyiko na umwombe mhudumu akutajie kila mmoja ametoka wapi na ameanzia upande gani wa sahani. Kula yule wa chumvi kidogo kwanza. Mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu ya mwili asile wabichi kabisa, maana vimelea vya baharini vya jamii ya vibrio huweza kumuua; na mjamzito naye awaagize waliopikwa. Wape bakshishi wahudumu, na ukitoka umwambie mfungua chaza ahsante, maana wengi hupita mbele yake wakiitazama barafu tu. Kisha shuka kwa miguu kufuata Broadway kuelekea kusini, ukifika Wall Street ukate kushoto mpaka pembe ya Broad. Soko la Hisa litakuwa upande wako wa kulia. Namba 5 ilikuwa upande wa pili wa barabara.